Mariga, Kibra na kitenzi 'kushindwa'

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2019, kura za uchaguzi mdogo wa eneo bunge la Kibra zikiwa bado zinajumlishwa, mgombea mmoja alichukua simu akampigia mpinzani wake kumpa hongera. Aliyepiga ni McDonald Mariga Wanyama, kiungo wa zamani wa Inter Milan na Harambee Stars, aliyekuwa amesimama kwa tikiti ya Jubilee. Aliyepigiwa ni Imran Okoth wa ODM. Hesabu ilipokamilika, Okoth alikuwa na kura 24,636, Mariga 11,230, naye Eliud Owalo wa ANC akawa wa tatu kwa kura 5,275.

Kwa mtu wa mbali jambo hili ni dogo mno, na huenda asione sababu ya kuliandikia makala. Lakini msomaji anayeijua Nairobi anajua simu ile ilipigwa katika mahali pa namna gani. Mapema mwaka wa 2008, baada ya matokeo ya urais kuzozaniwa, Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi katika jiji hili: nyumba zilichomwa, watu wakauawa, majirani wakahamana, na hata reli inayopita katikati ya mtaa ikang'olewa. Kawangware nayo ina tarehe yake. Mwishoni mwa Oktoba 2017, mara baada ya uchaguzi wa marudio, vijana walipambana katika eneo linaloitwa 56, vibanda vikateketea, roho zikapotea. Mitaa hii miwili imetenganishwa na Barabara ya Ngong, na mtu mwenye miguu mizuri anaweza kwenda kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Yote miwili imewahi kulipa gharama ya watu wasiojua kushindwa, na aghalabu watu hao hawakuwa wakazi wake.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si mchambuzi wa kandanda, na ukoo wa maneno ndio shughuli yangu ya kila siku. Basi msomaji aniwie radhi nikianza na kitenzi.

Mzizi -shinda ni miongoni mwa mizizi ninayoipenda zaidi ninapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza unyambuaji. Ukiuongezea kiambishi cha kutendwa, unapata kushindwa, nacho kina sura mbili: kuna kushindwa na mtu, na kuna kushindwa kufanya jambo. Mzazi anayesema 'nimeshindwa kulipa karo' na timu iliyoshindwa mabao matatu kwa moja hutumia neno lilelile. Mwanafunzi naye husema 'hesabu imenishinda', akaifanya hesabu kuwa mchezaji wa upande wa pili. Kisha kuna kiambishi cha kutendana, na hapo ndipo lugha inapofanya kazi ambayo wanasiasa wetu hawajaifanya. Kushindana, kwa umbo lake, ni kushinda huyu na yule, kwa zamu. Mashindano yoyote yana mtu wa kushindwa ndani yake kabla hata refa hajapuliza kipenga. Wahenga waliosema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani hawakuwa wakitoa nasaha tu. Walikuwa wakieleza sarufi.

Na kuna -shinda nyingine, ile ya kupitisha mchana. 'Umeshindaje?' tunaulizana jioni. Mwalimu wa shule ya msingi ya Kawangware huletewa habari kwamba mtoto fulani 'ameshinda njaa', na anayeleta habari hizo hana maana kwamba njaa imelala chini na mtoto amesimama juu yake. Ameikaa njaa hiyo kutwa. Sijui lugha nyingine ambamo kushinda na kuteseka vinaweza kukaa katika kishazi kimoja bila kugombana.

Turejee kwa Mariga. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1987 katika nyumba ya michezo: babake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, ndugu yake Victor angekuja kuwa nahodha wa taifa na Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, dada yao Mercy akawa mchezaji wa mpira wa vikapu. Mariga alisoma Shule ya Upili ya Kamukunji, upande wa mashariki wa jiji, na soka yake ilionekana angali kijana wa shule. Mwaka wa 2005, akiwa na miaka kumi na minane, alikuwa tayari Uswidi katika klabu ya Enköping, kisha Helsingborg. Mwaka wa 2007 alihamia Parma ya Italia.

Sasa, magazeti yalipomwandika wakati wa kampeni za 2019, yalimwandika kama mtu wa ushindi mtupu. Mimi nikiisoma safari yake naona kitu kingine. Januari 2010 alikuwa karibu kuhamia Manchester City. Waingereza wakati huo walikuwa na kigezo kwamba mchezaji wa nje apewe kibali cha kazi endapo taifa lake limo miongoni mwa 70 bora duniani, na Kenya haikuwamo. Marehemu Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliingilia kati kumtetea kijana. Hata hivyo mpango ule ukavunjika. Tazama basi: mchezaji alishindwa na jedwali la mataifa, yaani alishindwa na miaka mingi ya usimamizi mbovu wa soka ya nchi yake, kosa ambalo miguu yake haikulitenda.

Siku chache baadaye alikuwa mchezaji wa Inter Milan. Msimu huo Inter ilitwaa mataji matatu: ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mariga akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi hiyo ya Mabingwa. Lakini fainali yenyewe, iliyochezwa Madrid tarehe 22 Mei 2010, ambapo Inter iliilaza Bayern Munich mabao mawili kwa bila, aliitazama akiwa benchi. Kocha José Mourinho aliwaingiza wachezaji watatu wa akiba na Mariga hakuwa mmoja wao. Medali anayo, na ni halali yake, kwa kuwa timu ni wote. Lakini mtu aliyekaa benchi dakika tisini katika usiku mkubwa kuliko wote wa maisha yake, akisubiri kuitwa na asiitwe, amejifunza somo ambalo sisi wengine hatukuwahi kuliketia. Baada ya hapo yalifuata majeraha, kisha mkopo Real Sociedad ya Uhispania mwaka wa 2011, kurudi Parma, kwenda Latina, na mwisho Real Oviedo. Wasomaji wa kurasa za michezo walikuwa wamekwisha kulisahau jina lake pale lilipozuka, mwaka wa 2019, katika kurasa za siasa.

Mwaka huo wa 2019 ulikuwa na misiba miwili inayohusika na kisa hiki. Tarehe 7 Julai alifariki Joe Kadenge, akiwa na umri wa miaka 84. Wazee hawahitaji kuambiwa Kadenge ni nani, na vijana wanaijua angalau ile kauli ya 'Kadenge na mpira' ambayo marehemu Leonard Mambo Mbotela aliitia masikioni mwa taifa zima kupitia redio. Kadenge alicheza katika zama za soka ya ridhaa, wakati ambapo malipo ya mchezaji yalikuwa makofi. Maisha yake ya baadaye aliyapitisha kwa sehemu kubwa nyuma ya usukani wa teksi, akiwabeba abiria ambao baba zao waliwahi kumbeba yeye mabegani.

Lugha yetu ina jambo la kutueleza hapa pia. Mwalimu akifikia umri wa kustaafu huitwa mwalimu mstaafu, na kijijini kwao hubaki kuwa 'Mwalimu' hadi anapozikwa. Jaji mstaafu, askofu mstaafu, brigedia mstaafu: neno hilo hubeba heshima na, aghalabu, pensheni. Mchezaji mpira haitwi mstaafu. Huitwa 'mchezaji wa zamani', na huitwa hivyo akiwa na miaka 32, umri ambao daktari wa falsafa wa chuo kikuu chetu hajapata hata kazi ya kudumu. Tumemwekea neno la makumbusho mtu ambaye, Mungu akimjalia, ana miaka arubaini ya kuishi mbele yake. Hiyo arubaini ndiyo maisha ya pili ya mwanasoka, nayo ni marefu kuliko yale ya kwanza mara tatu, na hakuna anayemwandaa kwayo.

Msiba wa pili ulitokea tarehe 26 Julai. Ken Okoth, mbunge wa kwanza wa Kibra tangu eneo hilo litengwe na Lang'ata katika uchaguzi wa 2013, alifariki kwa saratani akiwa na miaka 41. Huyu alikuwa mtoto wa Kibera hasa. Elimu ndiyo iliyomtoa pale: Starehe, kisha vyuo vya Marekani, na aliporudi akaligeuza neno 'Elimu Kwanza' kuwa mwito wa kazi yake. Kwa hiyo kiti alichokitaka Mariga kilikuwa kiti cha mtu wa shule, na aliyekigombea dhidi yake alikuwa ndugu wa marehemu.

Mchezaji mwingine alitangaza nia mwaka uo huo, Dennis Oliech, ambaye alianzia Dagoretti Santos, upande ule wa Kawangware na majirani zake, akapitia Mathare United, akacheza miaka mingi Ufaransa katika Nantes, Auxerre na Ajaccio, na kuifungia Kenya mabao 34. Nia yake haikufika mbali. Ya Mariga ilifika kwenye karatasi ya kura, ingawa kwa taabu: Septemba 2019 afisa wa uchaguzi alimkatalia kwa sababu jina lake halikuonekana katika sajili ya wapigakura, kisha kamati ya mizozo ya tume ikamrudisha. Alikuwa amejiandikisha Agosti iliyotangulia tu.

Hapo nitasema ninavyoona bila kuzungukazunguka. Sidhani kwamba wapigakura wa Kibra walikosea. Jina la Mariga lilipendwa, lakini liliazimwa na wakubwa waliokuwa na vita vyao wenyewe. Naibu wa Rais wa wakati huo alimpigia debe. Rais alimkaribisha na kumwidhinisha. Raila, yule yule aliyemtetea kwa Waingereza mwaka wa 2010, safari hii alikuwa upande wa pili, na wafuasi wake wakiiita Kibra chumba cha kulala cha Baba. Kijana wa Kamukunji akajikuta kati ya mafahali. Umaarufu wa uwanjani ulimpa kura elfu kumi na moja na ushei, nazo si haba, lakini haukumpa majibu ya maji, vyoo, hati za mashamba na karo. Wanubi, ambao ndio waliouita mtaa huo Kibra, yaani msitu, wamekaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na walingoja hadi 2017 kupewa hati ya pamoja ya ardhi. Suala kama hilo halifungwi kwa mkwaju wa adhabu.

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya upili huko Kibera kuzungumza juu ya karatasi ya Isimu Jamii. Nilipomaliza, mvulana mmoja wa Kidato cha Tatu aliinuka akauliza swali lisilohusu Isimu Jamii hata kidogo: 'Mwalimu, mtu aliyefika Inter Milan anashindwaje Kibra?' Wenzake walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu swali lile lilikuwa limebeba mzigo. Alichokuwa akiniuliza kijana yule ni kama dunia ina ngazi moja, ambayo ukiipanda hadi juu huwezi kuanguka tena. Na kama mpira si ngazi hiyo, basi yeye anakimbilia nini kila jioni? Nilimjibu kwamba zipo ngazi nyingi, na kwamba Mariga aliteremka katika moja ili aanze nyingine chini kabisa. Nikamwonyesha pia tarehe. Tarehe 7 Novemba 2012 Victor Wanyama aliifungia Celtic bao la kichwa dhidi ya Barcelona, na dunia nzima ikalitaja jina la ukoo huo. Miaka saba baadaye, tarehe ile ile, kaka yake alikuwa akipiga simu ya kukubali kushindwa. Nikamuuliza kijana: kati ya mambo hayo mawili, ni lipi unaloweza kulifanya wewe leo, kabla jua halijatua? Akaketi.

Kisa hakikuishia hapo. Tarehe 7 Desemba 2024 Mariga alichaguliwa kuwa naibu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, akiandamana na Hussein Mohammed. Shirikisho hilo si kiti cha raha. Mwaka wa 2022 Kenya ilifungiwa na FIFA kwa miezi kadhaa baada ya serikali kuvunja uongozi wake, na vijana wakakosa mechi za kimataifa kwa makosa ya wazee. Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji mwenza wa michuano ya CHAN, Harambee Stars waliipiga Morocco na kuongoza kundi lao, kisha wakatolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali, nyumbani Kasarani. Naibu wa rais wa shirikisho bila shaka alikuwa na uzoefu wa kutosha wa kuwaeleza wachezaji jinsi asubuhi ya pili inavyokuwa. Iwapo ataufanyia kazi nzuri wadhifa huo, wakati utasema. Ninachokiona ni kwamba safari hii amekwenda mahali ambapo anachokijua kina kazi.

Nawaandikia walimu zaidi, kwa hivyo nimalizie upande wao. Ratiba za shule zetu zina kipindi cha elimu ya viungo, na kila mwalimu anajua kipindi hicho huishia wapi. Kidato cha Kwanza kilikuwa kikikipata, Kidato cha Pili kikikigawana na Hisabati, na kufikia Kidato cha Nne kimekuwa 'marudio'. Mtaala mpya wa umilisi umeitengea michezo mkondo wake, pamoja na sanaa, katika sekondari ya juu. Ni hatua njema. Naogopa tu kwamba tutaufanya mkondo huo kuwa jaa la kuwatupia walioshindwa na sayansi, tukikitumia kitenzi changu vibaya. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kilitambua mapema kwamba mpira na daftari vinaweza kukaa katika mfuko mmoja: timu zake hupata pointi kwa kusafisha mtaa, na vijana wanaojitolea husaidiwa karo za shule. Kibera nayo ina mashindano ya namna hiyo tangu 2001. Hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta mfano.

Kando ya Barabara ya Ngong, upande wa Jamhuri, katikati hasa ya Kibera na Kawangware, ndipo ulipoanza kujengwa mwaka wa 2024 uwanja wa Talanta, wenye viti 60,000, kwa ajili ya fainali za Afrika za 2027 ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja. Watoto wa mitaa yote miwili wameziona korongo zake wakiwa njiani kwenda shule. Wengi wao, hata wenye vipaji vya kweli, hawatacheza humo. Hesabu ya viti na hesabu ya jezi hazilingani. Lakini watakaa wote katika jiji hili, watapiga kura humu, watafungua maduka, watafundisha, watashitakiana na kuoana.

Shule moja ya Kawangware ninayoijua ina desturi niliyoipenda. Timu yao ikishindwa mwishoni mwa juma, anayesoma matokeo gwarideni Jumatatu asubuhi si mwalimu wa michezo bali ni nahodha mwenyewe. Nilimsikia mmoja muhula uliopita, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alitaja mabao manne waliyofungwa, moja baada ya jingine, akataja jina la kila aliyefunga na jinsi alivyofunga, akasema mechi ya marudiano ni Ijumaa, kisha akarudi mstarini.